Mfuko wa Mjusi wa Kuruka

Mjusi wa kuruka wa zama za kale, sanamu ya mianzi na turubai, alisimama kwenye ua wa shule, mrefu kama twiga, ameegemea mabawa yake yaliyokunjwa. Mabawa hayo aliyashona Bi Mwanajaha. Leo mwalimu alimwita aje ajionee: watoto wa darasa la kwanza wamejibana ukutani, wanalia.

"Itabidi tumbomoe, Bi. Hawataki hata kuingia darasani."

Bi Mwanajaha alichuchumaa mbele ya mjukuu wake, Tatu, aliyekuwa miongoni mwao. "Unaogopa nini? Simba mbona mnamwimbia?"

"Simba anang'ata, bibi. Huyu hana meno. Anameza mtu mzima mzima, huku anakuangalia tu."

Bibi akainua macho. Kweli, lile domo lingemmeza yeye na baibui lake. Akaomba stara kimoyomoyo, akashika bawa aukague mshono, mara mkono ukazama ndani.

"Yarabi! Nimemtia mfuko!"

Kila dera aliloshona alilitia mfuko wa siri ubavuni, mwanamke asikose pa kuweka chake. Mkono umezoea, ukajishonea wenyewe.

Mwalimu aliangua kicheko. Tatu akafuta kamasi. "Ana mfuko kama wako?"

"Kama wangu."

"Anaweka nini?"

"Hana kitu, maskini."

Tatu akafikiri. Akatoa karanga zake, akanyata hadi chini ya domo, akatumbukiza mkono mfukoni mpaka kwapani.

Nyuma yake watoto walianza kupanga foleni, kila mmoja ameficha kitu kiganjani.