Asumini Kwenye Ukurasa wa Tanzia

Shamte aliandika mistari michache ya msimbo wa kompyuta, wa jQuery, ili maua ya asumini yadondoke kwenye kurasa za harusi za tovuti ya gazeti la mji. Lakini aliiweka kwenye faili linalotumiwa na kurasa zote, na kulipokucha maua yakawa yanadondoka hata kwenye tanzia.

Simu za lawama zilimiminika. Alikuwa akiandika kwenye msimbo sharti la kuyabakiza maua kwenye kurasa za harusi tu, Bi Mwatumu alipoingia ofisini, amejitanda kanga nyeusi.

"Shikamoo, Bi Mwatumu. Nisamehe sana. Nayaondoa sasa hivi."

"Marahaba. Ya wengine yaondoe." Akaketi. "Ya mwanangu yaache."

Shamte akafungua tanzia ya Mwanahija. Pichani alikuwa anacheka, mikono imepakwa hina mpaka kwenye viwiko. Alikufa siku moja kabla ya ndoa yake. Maua meupe yalikuwa yakimpita usoni, moja moja.

"Asumini zake tulishaagiza," alisema Bi Mwatumu. "Zikaletwa maiti ndiyo kwanza inatoka nyumbani. Kapu zima. Hakuna aliyejua aziweke wapi."

Shamte akarudi kwenye kibodi. Akaongeza kwenye sharti: kurasa zote za harusi, na huu mmoja. Akahifadhi, kisha akamgeuzia kompyuta.

Bi Mwatumu alitazama kwa muda mrefu. Halafu akakinga kiganja chini ya kioo, pale maua yalipokuwa yakiishia.