Gari Linamwita Huda

Gari lilikuwa halijatoka hata getini pale Atuganile alipofungua mlango akashuka, gauni la kanisani mwilini na mkoba mkononi.

"Nimemsikia tena," alisema. "Na leo nimemsikia vizuri. Anamwita Huda."

Mumewe, Gaspar, alilaza kichwa kwenye usukani. Hii ilikuwa Jumapili ya tatu. Gari lao dogo la kijivu lilikuwa limeagizwa kutoka Japani, na kila likiwashwa, sauti ya mwanamke ilitoka chini ya dashibodi, laini, yenye adabu zake. Ilimimina Kijapani harakaharaka kisha ikamalizia kwa neno ambalo kwa Gaspar lilikuwa "kudasai", na kwa Atuganile lilikuwa "Huda saivi".

"Mke wangu, hicho ni Kijapani."

"Na Huda ni Mjapani?"

"Hakuna Huda."

"Basi akitolewa hakuna atakayepungukiwa. Chagua, Gaspar. Atoke yeye au nitoke mie, niende zangu kwa dada kule Mwananyamala."

Akaenda kanisani kwa miguu. Gaspar alijua hatanii. Mwaka juzi aliondoka kwa jambo dogo kuliko hilo, akakaa kwa dada yake wiki sita, na Gaspar akala chipsi mpaka akachukia harufu ya mafuta. Alimpenda mkewe, na nyumba bila yeye ilikuwa haikaliki.

Kesho yake alikwenda Sinza kwa Brightson, fundi umeme wa magari. Alikuta wateja wawili kwenye benchi: Sultan, mwenye duka la vitambaa, na Mwalimu Polikarpo, mstaafu. Akawaeleza shida yake. Wakacheka mpaka kahawa ya Sultan ikamwagikia kanzu.

"Shemeji anaionea wivu mashine!" Sultan alisema huku akijifuta. "Toa, braza! Gari ukishalilipia ushuru ni lako. Langu lilikuwa linanipigia kelele kila nisipofunga mkanda. Nikakata waya. Sasa hivi kimya."

"Na ile taa nyekundu inayowaka tangu siku hiyo?" Mwalimu aliuliza.

"Inawaka tu. Haisemi."

"Mie nasema kilichowekwa kiwandani kiachwe. Waliokiweka hawakuwa wajinga. Ukigusa waya mmoja, umeharibu tatu." Mwalimu akamgeukia Gaspar. "Mwanangu amesoma Japani. Kudasai maana yake ni tafadhali. Dada wa watu anakuomba tu uweke kadi ya kulipia barabara za kwao. Mweleze mkeo."

"Nimemweleza, Mwalimu. Hataki kusikia."

Ajabu ni kwamba Gaspar mwenyewe alikuwa upande wa Mwalimu, tena kwa moto kuliko Mwalimu. Dashibodi ikifunguliwa itaanza kugonga. Siku ya kuliuza bei itashuka. Na huyo fundi ana uhakika gani kwamba redio haitakufa? Brightson aliapa kwamba redio haitaguswa, lakini Gaspar aliendelea kuzunguka gari lake, akilishika hapa na pale.

"Halafu ile sauti nimeshaizoea," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

Sultan alimtazama. "Kwani unataka kuishi na nani, sauti au mke?"

Gaspar aliondoa mkono kwenye boneti. Akakumbuka chipsi.

"Haya. Toa."

Kazi haikuchukua hata dakika kumi. Brightson alimkabidhi kisanduku cheusi, ukubwa wa simu ndogo ya kitochi.

"Nikitaka kukirudisha siku moja, inawezekana?"

"Waya nimeziziba tu. Ukitaka, kilete."

Gaspar akakitia mfukoni, si kwenye pipa la takataka alilokuwa ameonyeshwa.

Jioni Atuganile aliketi kwenye kiti chake, mikono magotini, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Gaspar akawasha gari. Injini ikanguruma. Sauti haikutoka. Atuganile akainamisha sikio, akasubiri, halafu akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe lile neno maana yake ilikuwa nini?"

"Tafadhali. Mwalimu Polikarpo amenithibitishia."

"Tafadhali!" Akajifunika uso kwa viganja. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa tamu, maana alikuwa amelala vibaya wiki tatu nzima. "Nimekutesa kwa neno tafadhali. Nisamehe mume wangu, ni wivu tu."

"Yameisha," Gaspar alisema, macho yake yakiwa kwenye kioo.

Usiku huo alipikiwa ndizi kwa nyama, akaongezwa mara mbili bila kuomba. Atuganile aliketi karibu naye, akimtazama anavyokula.

"Na Jumatano nenda zako Madale ukaangalie msingi wa nyumba yetu kama kawaida yako," alimwambia. "Mie na vile vilima na vumbi hatuelewani. Hata ukichelewa, sitauliza tena."

Jumatano, alipotoka kazini, Gaspar alikwenda Madale. Akaupita msingi wao na tofali zake bila kupunguza mwendo, akapanda kilima cha pili, akazima gari mbele ya geti la bluu.

Mlango wa kushoto ukafunguliwa. Mwanamke mwenye ushungi wa kijani akaketi, akavuta mkanda, akasogeza sikio karibu na dashibodi huku akitabasamu. Gaspar akawasha gari.

Kimya.

"Jamani," yule mwanamke alisema kwa kudeka, "mbona leo haliniiti?"