Mkwaruzo wa Kwenye Kona

Kipande cha kioo kilikuwa kinawaka buluu mkononi mwangu, kimeunganishwa na betri ndogo kwa nyaya zake mbili, kidole gumba changu kilipogusa mkwaruzo.

Ulikuwa kwenye kona, mfupi kama ukucha wa mtoto mchanga. Niliuchora mwenyewe kwa ncha ya almasi, maana wino huyeyuka tunapoosha vioo. Kioo chenye mkwaruzo hakina chembe zetu, zile ndogo kuliko vumbi tulizozihangaikia miaka sita ili zidumishe mwanga. Ni cha kulinganishia tu. Kilitakiwa kizime siku ya pili.

Leo ilikuwa siku ya arobaini. Vyenye chembe zetu ndivyo vilivyozima, vimelala kwenye trei, vyeusi ti. Nilikuwa nimevibadilisha nafasi bila kujua tangu mwanzo, na kila grafu niliyoichora ilikuwa uongo mtupu.

Nje, wageni walikuwa wanavaa makoti meupe. Wao ndio wangeamua kama maabara yetu ifungwe.

"Binti yangu, mbona umeganda?" Profesa alicheka. "Lete mwanga wetu niwaonyeshe."

"Profesa, subiri kidogo..."

"Nisubiri nini tena? Miaka sita haitoshi?" Akakichukua.

Kidole gumba chake kikateleza hadi kwenye kona, kikasimama juu ya mkwaruzo. Akanitazama. Tabasamu halikumtoka, ila jasho lilichomoza juu ya mdomo wake.

Mlango ukafunguliwa.

"Karibuni, karibuni sana," akawaambia wageni, akakiinua kioo juu wakione vizuri.

Kidole hakukiondoa.