Gia ya Tatu

"Usiitazame gia," baba aliniambia. "Sikiliza injini. Itakuambia yenyewe inataka nini."

Kila dereva aliyefunzwa naye kwa miaka thelathini aliambiwa hivyo. Siku ile ilikuwa zamu yangu, mimi bintiye, kwenye usukani wa lori lake, katika uwanja mtupu nyuma ya ghala. Kesho yake yeye angeliteremsha lori hilo mlimani, likiwa limejaa saruji.

Kirungu cha gia kilikuwa kimelika kwa kiganja chake, namba zote zimefutika. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia ya pili, nikaikosa ya tatu. Meno ya gia yakasagana kwa mlio uliomfanya mlinzi wa geti, kule mbali, azibe masikio.

Baba alikuwa akitazama mbele. "Safi kabisa," akasema. "Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Baba," nikamwita. Akaendelea kutazama mbele. Nikaita tena, kwa sauti kubwa. Mlinzi ndiye aliyegeuka.

Nikafunga breki, nikazima injini, nikachomoa ufunguo. Baba aliufuata kwa macho mpaka ulipoingia mfukoni mwangu.