Mpira wa Nyuma ya Kichwa

Donald hakuweza kuvua shati. Mkono wa kulia ulifika kifuani ukagoma, ikabidi Gibson, mwenzake wa mchezo, alivute shati kichwani polepole kama anayemvua mtoto.

Mto Voi ulikuwa mkavu. Wafanyakazi wa shamba la mkonge walikuwa wamefunga wavu wa kamba juu ya mchanga wake, wakicheza mpira wa wavu wawili wawili. Jumamosi Donald na Gibson wangekutana na timu ya stesheni, na washindi wangepelekwa Mombasa.

Juu ya ukingo, Kitheka alikuwa ameketi akitafuna muwa, kama kila jioni.

"Yule amenifanyia kitu," Donald akasema. "Bega halikuanza kuuma bure."

Gibson akamwambia asimwangalie.

Shamba zima lilijua kisa chao. Mwaka wa 1955 Kitheka aliruka kupiga mpira, Donald akamdaka mkono juu ya wavu, akaning'inia kwenye mkono huo makusudi hadi bega likatoka. Halikurudi sawasawa. Kitheka alikuwa mkata mkonge, na asiyeweza kuinua panga hakati mkonge, kwa hiyo aliachishwa kazi. Tangu hapo maumivu hayakumpa usingizi. Donald alipoulizwa alicheka, akasema mwenye bega la uji akacheze bao.

Gibson alikuja baadaye kutoka Makwasinyi, mtu wa maneno machache. Donald alimpenda kwa sababu hakuulizia mambo ya zamani. Mke wa Gibson, Mbithe, alibaki kule, akawa anamtumia mafuta ya mbarika, na kila baada ya mazoezi Gibson aliyatumia kumkanda Donald hadi mkono ulegee, aweze kuuinua tena. Tena ndiye aliyemfundisha kuupiga mpira ukiwa nyuma ya kichwa. Mkono ukitoka mbali, alisema, mpira hushuka na nguvu ambazo mpinzani hazioni. Na kweli, walikuwa hawajashindwa.

Jumamosi Kitheka alishuka kutoka ukingoni, akasimama karibu kabisa na uwanja.

"Donald, ndugu yangu," akaita, "mpira wako unawekwa nyuma mno. Utaumia."

Watu wakacheka. Donald akatema mate mchangani.

"Mganga wa mabega huyo. Jitibu kwanza." Akamgeukia Gibson. "Niwekee nyuma zaidi, aone."

Gibson akamwekea nyuma zaidi.

Donald aliruka, mkono ukaenda nyuma wote, na waliokuwa karibu wakasikia kitu kikikatika kama kamba iliyooza. Aliangukia magoti, uso mchangani. Dresa wa zahanati ya shamba alilipapasa lile bega kwa muda mrefu. Mwishowe akasema mkono huo hautapiga mpira tena, wala hautainua panga.

Wakambeba kumpeleka kwake, mtaa wa Kaloleni. Njia nzima alikuwa akimlaani Kitheka na uchawi wake.

Watu walipotawanyika, Gibson aliukunja wavu, akapanda ukingoni, akaketi. Kitheka akamkatia kipande cha muwa kwa mkono wa kushoto.

"Sasa rudi Makwasinyi, shemeji," akasema. "Mwambie dada yangu leo nitalala."