Ua Chini ya Kiti

Baiskeli ya umeme ya Mwanakheri ilizima tena mlimani, akaisukuma hadi kwa fundi Mbwana, ndugu yake wa kunyonya.

"Betri imechoka, dada."

"Si juzi tu uliitengeneza?"

"Ndivyo zilivyo siku hizi. Ngoja nikuletee maji."

Mbwana alipoingia ndani, Mwanakheri akaegemea baiskeli ya fundi, nayo ya umeme, iliyoachwa kiti kikiwa kimefunuliwa. Betri iliyokuwamo ilikuwa na ua jekundu la rangi ya kucha. Ua hilo alilichora mwenyewe, siku aliponunua betri yake.

Mbwana akarudi na kikombe cha marehemu mama aliyewanyonyesha wote wawili.

"Kunywa, dada."

Mwanakheri alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza juu ya lile ua, akaanza kukiinamisha.