Daftari la Mfua Nguo

"Mzee wangu, inuka basi. Mtu akiingia atadhani nimekufukuza kazi."

Malenga hakuinuka. Alikuwa amepiga goti kwenye zulia la ofisi ya mkuu wa maktaba, mkononi kashika pendekezo lake la maonyesho. Lilikuwa la tatu wiki hiyo. Mawili ya kwanza yalirudishwa yakiwa yamechorwa kalamu nyekundu.

"Leo Ijumaa, Mkuu," alisema. "Jumatatu anakuja mjukuu wa yule mama mfua nguo. Kaandika barua, anataka daftari la bibi yake. Akute tumelitupia kwenye boksi namba kumi na saba, kama viatu vibovu?"

Mkuu wa maktaba, mwanamke wa umri wa binti wa kwanza wa Malenga, alivua miwani. Mzee huyu alikuwa ametunza chumba cha nyaraka adimu cha chuo kikuu kwa miaka ishirini na minane. Wenzake walimwita Malenga kwa sababu ya ushairi wake, na alizoea kutembea kifua mbele. Leo shati lake lilifungwa vifungo upande, na midomo ilimkauka kama mtu aliyeshinda juani.

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, la mistari, lenye jalada la buluu. Mwenye daftari alifua mashuka ya mabweni ya wanafunzi maisha yake yote. Alipofariki lilikutwa chini ya godoro lake, likaletwa maktaba. Malenga, wakati huo karani kijana, ndiye aliyelipokea na kulipa namba.

"Rejista inasema hakuna msomaji aliyewahi kuliomba," alisema Mkuu. "Hata mmoja."

"Ndiyo maana nataka walione!"

"Sawa. Tulipige picha kurasa zote, tuziweke mtandaoni. Dunia nzima itasoma."

"Litakatika uti wa mgongo!" Sauti ilimpanda mpaka ikapasuka.

"Kupigwa picha litakatika, kukaa wazi mwaka mzima halitakatika?"

"Kinacholiua ni kufunuliwafunuliwa, Mkuu. Likitulia ndani ya kioo, ukurasa mmoja tu, litaishi kuliko mimi na wewe."

"Wiki mbili, basi."

"Mwaka. Mwakani nastaafu. Miaka yote hii sijaomba hata kiti kipya. Nipe hili niage nalo." Machozi yalimtiririka, na hakuyafuta. "Nakusihi, mwanangu."

Mkuu aliivuta kalamu. "Hata mume wangu hakuniposa kwa kilio hiki," alisema, akatia sahihi.

Jumamosi na Jumapili Malenga alifanya kazi peke yake. Alifuta kioo cha kabati mpaka kikawa kama hakipo. Aliandika karatasi ya maelezo, akairarua, akaandika nyingine: *Mshairi Aliyefua Mashuka Yetu.* Alilifungua daftari, akachagua ukurasa, akabadili mawazo, akachagua tena. Hatimaye alilibana pande zote mbili kwa ukanda mwangavu, akafunga kabati na kumkabidhi Mkuu ufunguo, kama utaratibu ulivyotaka. Kitu kikishaingia kwenye kabati la maonyesho hakitoki, kwa ombi la yeyote, mpaka siku ya kufunga.

Jumatatu asubuhi mjukuu alifika, binti mwenye mkoba begani, vumbi la safari bado viatuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kwa bibi yako."

Binti alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akasoma kwa sauti ndogo:

*Lala mwana kifuani, moto nimeshaukoka,*
*njaa ya leo usoni, kesho haitatufika.*

Hakuweza kuendelea. Mkuu alimpa kitambaa.

"Nyumbani walisema hakujua hata kuandika jina lake," binti alisema. "Nilidhani mmemtupa."

"Tungewezaje?" alisema Malenga.

"Naweza kufunua ukurasa mmoja tu? Huu unaofuata. Sitaugusa kwa nguvu."

Mkuu alimtazama Malenga. Malenga alitikisa kichwa polepole, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya binti.

"Utaratibu, mjukuu wangu. Hata mimi siruhusiwi."

Binti akaupokea mkono wake kwa mikono yote miwili, akauinamia. "Ahsante, babu, kwa kumtoa bibi yangu gizani."

Nyuma ya ukurasa ule, kwa mwandiko uleule, lilianza shairi ambalo watoto wa shule nchi nzima walilighani bila kutazama kitabu. Na vitabuni mwao, chini ya ubeti wa mwisho, paliandikwa jina la Malenga.